Mtaalamu Asiwe Mgeni Nyumbani Kwake

Wako ndugu zetu wengi siku hizi ambao wanajulikana zaidi na wahudumu wa viwanja vya ndege kuliko wanavyojulikana na majirani zao. Ni wakufunzi, wataalamu na washauri elekezi. Jumatatu wako Dar es Salaam, Jumatano wako Lusaka, na wiki inayofuata wamekwisha kualikwa Addis Ababa kuongoza warsha nyingine. Mabegi yao hayapati kupumzika; nguo chafu hutolewa, safi zikatiwa, na safari ikaendelea. Kazi yao ni ya heshima, nayo inawapatia sifa na riziki. Lakini nyumbani kwao kuna swali ambalo halijapata kuwekwa katika ajenda ya warsha yoyote, nalo ni hili: je, yafaa mtu awafundishe watu wa nchi kumi namna ya kuongoza kazi zao, ilhali nyumba yake mwenyewe inajiongoza bila yeye?

Ninaandika juu ya jambo hili nikiwa mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu. Kwa hiyo, yeyote atakayejiona amechomwa na maneno haya ajue kwamba mwandishi alichomwa kwanza.

Hapana budi tuanze kwa kukubaliana juu ya jambo moja. Kazi ya ushauri na mafunzo nje ya nchi si anasa. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 wataalamu wetu walikuwa wachache mno, na kwa miaka mingi tulikuwa watu wa kupokea washauri kutoka kwingine. Leo tunao wasomi wanaoitwa na mataifa mengine kwa ujuzi wao. Pale Arusha ipo Taasisi ya Uongozi ya Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ESAMI, inayofundisha maofisa wa nchi nyingi. Hapo hapo Arusha yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yapo pia ya SADC kule Gaborone, na ya Umoja wa Afrika kule Addis Ababa. Mashirika hayo yote yanahitaji watu wa kutoa mafunzo, kuandika taarifa na kushauri.

Tena jambo hili sasa haliwahusu wakubwa wachache peke yao. Mwaka 2019 SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO iliiteua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika nao ukakipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Kiswahili wa Singida au wa Pemba, ambaye jana safari yake ndefu ilikuwa ya kwenda kusahihisha mitihani, kesho aweza kuitwa Windhoek au Johannesburg kufundisha, kutafsiri au kuandaa vitabu. Tumpongeze. Lakini tumwandae pia kwa yale ambayo barua ya mwaliko haiyataji.

Wapo watakaosema kwamba kusafiri kwa ajili ya riziki si jambo geni katika nchi hii, na kwamba babu zetu walisafiri na watoto wakakua. Ni kweli, na inafaa tuwaangalie hao babu zetu kwa makini.

Baharia wa pwani aliondoka kwa upepo na akarudi kwa upepo. Kaskazi ilivuma kuanzia karibu na mwisho wa mwaka hadi mwezi Machi, kisha kusi ikashika zamu yake, na mkewe aliyebaki Kilwa au Unguja hakuhitaji barua ili ajue mumewe atarudi lini. Alitazama bahari na mitende, akajua. Wapagazi wa Unyamwezi, waliobeba mizigo kati ya Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19, wengi wao walipanga safari zao wakati wa kiangazi ili mvua ziwakute kwao wakishika jembe. Safari zao zilikuwa ndefu na za hatari kuliko zetu, lakini zilikuwa na msimu. Aliyebaki alijua siku za kungoja, na aliyeondoka alijua siku za kurudi. Kadhalika, baba aliyesafiri aliacha nyuma yake ukoo mzima katika kijiji kimoja: wajomba, shangazi, babu na bibi, ambao kila mmoja alikuwa na haki ya kumrudi mtoto aliyekosea.

Baadaye ukoloni ulitufundisha safari ya namna nyingine. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalihitaji watu, nao wakachukuliwa kwa mikataba kutoka mbali, kama vile Kigoma na Songea, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Wake zao walibaki na mashamba na watoto, na wengine waliwangoja waume ambao hawakurudi kabisa. Msimu ulivunjwa na mkataba. Uchungu wa jambo lile tunaujua, kwa kuwa katika familia nyingi bado yupo mzee anayesimulia.

Mshauri wa leo anapanda ndege wala hapewi namba, na posho yake haiwezi kulinganishwa na ujira wa mkata mkonge. Hata hivyo, kwa upande mmoja hali yake yafanana na ya manamba kuliko ya baharia: safari yake haina msimu. Inaanza pale simu inapolia, na inaisha pale simu nyingine inapolia.

Tufanye hesabu kidogo, maana watumishi wa umma na walimu ni watu wa hesabu. Kazi ya ushauri hulipwa kwa siku. Chukua mtu anayepata kazi tano kwa mwaka, na kila moja ni ya wiki mbili ugenini. Hizo ni siku 70. Ongeza siku mbili za njiani kwa kila kazi, yaani siku 10. Kisha ongeza siku tano za kuandika taarifa kwa kila kazi, ambazo ni 25. Hizi za mwisho huwa hatuzihesabu, kwa sababu mtu anaziandika akiwa nyumbani. Lakini wote tunajua anavyoziandika: mlango umefungwa, watoto wanaambiwa wasipige kelele kwa kuwa baba anafanya kazi. Yupo naye hayupo. Jumla ni siku 105, ambazo ni zaidi ya robo ya mwaka. Ikiwa hali hiyo itaendelea katika miaka saba ya shule ya msingi, kwa utaratibu tuliosomea wengi wetu, zitakuwa siku 735, yaani miaka miwili na zaidi kidogo. Mzazi atakuwa amekosekana miaka miwili mizima kati ya ile miaka saba ambayo mtoto anaunda tabia yake. Na huyo tuliyemhesabia ni mwenye kazi tano tu. Wapo wenye kazi kumi.

Sasa nitoe ushahidi wangu mwenyewe, kwa kuwa si haki kuwaanika wenzangu nami nikajificha.

Mwezi Septemba 1994 nilikuwa Lilongwe nikiendesha mafunzo ya wiki mbili kwa maofisa wa ngazi ya kati. Somo mojawapo lilikuwa matumizi bora ya wakati. Niliwafundisha wale maofisa namna ya kutenganisha jambo la haraka na jambo la maana, nao walifurahi, wakaandika, wakauliza maswali mazuri. Siku hiyo hiyo binti yangu wa kwanza alikuwa katika chumba cha mtihani wa darasa la saba. Sikukumbuka. Nilikumbuka siku nne baadaye, nikiwa dukani nachagua zawadi za kuwapelekea watoto.

Niliporudi nilipokewa vema, kama ilivyo desturi. Kuku alichinjwa. Watoto walinipa shikamoo, wakakaa kwa adabu, wakangoja niwaruhusu ndipo waende kucheza. Wakati ule nilijivunia adabu ile. Baadaye nilifahamu kwamba hivyo ndivyo watoto wetu walivyozoea kukaa mbele ya mgeni.

Siku ya tatu mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliniletea mezani ripoti za shule za watoto za mihula iliyopita, pamoja na daftari moja jembamba. Katika ripoti, mahali palipoandikwa sahihi ya mzazi, palikuwa na sahihi yake peke yake kila muhula, isipokuwa mahali pamoja palipokuwa na sahihi ya jirani, kwa kuwa siku ile mama mwenyewe alikuwa hospitali akimwuguza mtoto mdogo. Lile daftari nalo lilikuwa na tarehe. Tarehe 5, mdogo homa, zahanati usiku, teksi kwa mkopo. Tarehe 9, paa linavuja, fundi ameahidi. Tarehe 12, wa pili amepigana shuleni, nimeitwa na mwalimu mkuu. Mtoto hataki kunieleza sababu, asema atamweleza baba. Tarehe 20, hajamweleza. Baba amelala siku mbili akaondoka tena.

Akaniambia kwa upole, “Baba, wewe unaandika taarifa za wizara za watu. Hii ndiyo taarifa ya nyumba yako. Isome, kisha utupe mapendekezo.”

Sikuwa na mapendekezo. Nilisoma daftari lile hadi mwisho, na katika kurasa zake zote jina langu lilitokea mara chache, na kila lilipotokea lilifuatwa na neno “hayupo” au “ameondoka”. Yule mtoto wa pili leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Sababu ya ugomvi ule wa shuleni hajanieleza hata sasa. Nilimwuliza baada ya miaka mingi, akacheka, akasema, “Yamepita hayo, mzee.” Huenda lilikuwa jambo dogo. Lakini lilikuwa jambo alilonitunzia mimi, nami sikuwapo kulipokea.

Najua jibu ambalo wengi watalitoa hapa, kwa sababu nami nililitoa usiku ule. Nani atalipa ada? Nani atamalizia nyumba? Mshahara wa mtumishi unafahamika, na posho ya safari ndiyo iliyoezeka nyumba nyingi katika miji yetu. Hoja hii si ya kubezwa. Asiyejua shida ya mwisho wa mwezi asimhukumu mwenzake aliyeshika masurufu na kupanda ndege.

Lakini yatupasa kuikumbuka misingi yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kwamba ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwamo katika vinne hivyo. Azimio liliieleza kuwa ni matokeo ya juhudi, wala si msingi wake. Na katika vinne hivyo watu walitajwa kwanza. Sasa watu hao hutengenezwa wapi? Hawatengenezwi katika ukumbi wa mikutano. Hutengenezwa nyumbani, mezani, shambani, na jioni wakati mtoto anapouliza maswali yasiyo na maana mpaka anapofikia lile moja lenye maana. Neno lenyewe la Ujamaa tulilitoa katika jamaa. Itakuwa ajabu kwetu kama wataalamu wa maendeleo ndio watakaokuwa wa kwanza kukosa jamaa.

Liko pia jambo la haki. Mshauri anapolipwa kwa siku zake 14 za ugenini, kuna mtu mwingine aliyefanya kazi siku hizo hizo 14 ili yeye aweze kuondoka. Huyo hana mkataba wala hadidu za rejea. Sheria yetu imekwisha kulitambua jambo hili. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikiifafanua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Kwa maneno mengine, aliyebaki nyumbani ni mshirika katika kile kilichopatikana. Haipendezi kungoja mpaka ndoa ifike mahakamani ndipo tulikubali jambo ambalo tungeweza kulikubali sebuleni. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumwongoza, kumlea na kumtunza mtoto. Matunzo yaweza kutumwa kwa simu. Uongozi na malezi hayatumiki kwa njia hiyo.

Nimezungumza kana kwamba msafiri daima ni baba, na hapo lazima nijisahihishe. Wanawake wa nchi hii wamebeba dhamana kubwa duniani. Ndugu Gertrude Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995. Ndugu Anna Tibaijuka aliliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Ndugu Asha-Rose Migiro alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 2007 hadi 2012. Nyuma yao wapo wakufunzi, wauguzi, wahasibu na walimu wengi wanaosafiri kila mwezi. Lakini mwanamke akiandika maombi ya kibali cha safari, swali la kwanza analoulizwa na wenzake ni hili: watoto unamwachia nani? Katika miaka yangu yote ya kusafiri mimi sikuulizwa swali hilo hata mara moja. Swali lenyewe ni zuri; kosa ni kumwuliza mmoja na kumsamehe mwingine. Likiulizwa kwa wote, basi nusu ya ugonjwa itakuwa imepona.

Wengine wamelitafutia jambo hili dawa nyepesi, nayo ni shule ya bweni. Mzazi anasafiri, mwenzake naye yuko kazini mkoa mwingine, basi mtoto wa darasa la pili anafungiwa sanduku lake na kupelekwa bweni. Mwaka 2023 Serikali ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wazazi wengine walinung'unika. Walimu waliokwisha kukaa na watoto wa miaka saba bwenini, wakawasikia wakilia usiku, hawakushangaa. Mwalimu aweza kumfundisha mtoto mambo mengi, lakini hawezi kuwa mama wa watoto arobaini kwa wakati mmoja.

Tumepata pia mafunzo mawili katika miaka ya karibuni ambayo yafaa tusiyasahau. La kwanza ni la mwezi Novemba 2015, pale Rais John Magufuli, ambaye sasa ni marehemu, alipozuia safari za nje za watumishi wa umma isipokuwa kwa kibali cha Ikulu, na kuelekeza mabalozi wetu wafanye kazi zilizokuwa zikisafirisha watu kutoka nyumbani. Hoja yake ilikuwa fedha za umma, nayo ilieleweka. Lakini katika nyumba kadhaa ninazozifahamu jambo jingine lilitokea: baba alikaa nyumbani miezi mitatu mfululizo kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, na wenye nyumba wakagundua kwamba hawajui wazungumze nini. La pili ni la mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga viwanja vya ndege vya nchi nyingi. Mikutano iliyosemekana kwamba haiwezi kufanyika ila kwa kusafiri ilifanyika kwa njia ya video. Si yote iliyokwenda vizuri, kwa kuwa mafunzo ya vitendo yanahitaji mkufunzi awepo darasani. Hata hivyo ilidhihirika kwamba sehemu ya safari zetu ilikuwa mazoea tu.

Kwa hiyo basi, tufanye nini? Nitatoa mapendekezo machache ambayo mengine niliyajaribu mwenyewe.

Kwanza, nyumba iwe na kalenda yake, nayo ijazwe kabla ya kalenda ya kazi. Baada ya daftari lile, mimi na mke wangu tulinunua kalenda kubwa ya ukutani. Kila mwezi Januari tulikaa na watoto tukaandika kwa wino mwekundu tarehe za mitihani, za kufunga shule, za mikutano ya wazazi na wiki ya kupanda mahindi. Siku hizo hazikuuzwa. Mwaka uliofuata nilikataa kazi mbili. Sitawaficha: nyumba tuliyokuwa tukijenga ilikaa bila bati kwa miaka miwili zaidi, na kila nilipopita pale nilisikia uchungu. Lakini mmoja wa wale walioniita alinipigia tena simu baadaye na kuniuliza, “Tarehe zipi unazo?” Kumbe mteja naye huzoea kupanga, akiona unapanga. Tulikuwa tumeurudisha msimu.

Pili, msafiri afanye makabidhiano. Mkuu wa idara hathubutu kuondoka bila kuandika barua ya kumtaja atakayekaimu, na faili zilizo mezani, na mambo yanayosubiri uamuzi. Nyumbani huacha fedha ya matumizi na neno la kwaheri. Akae na mwenzake jioni moja kabla ya safari, wapitie kila jambo: ada, maji, mgonjwa, mtoto mwenye matatizo darasani. Na akirudi, apokee ofisi yake tena, asiendelee kukaa kama mkaguzi aliyekuja kutafuta makosa ya aliyekaimu. Watoto wasijue baba kwa zawadi na hukumu tu.

Tatu, viongozi wa ofisi wasitume watu wale wale kila mara. Mara nyingi ofisi yenye watumishi ishirini ina wasafiri watatu, na hao watatu huchoka huku wengine wakikaa bila kupata uzoefu. Kugawa safari kwa haki ni kugawa ujuzi, ni kugawa riziki, na ni kupunguza mzigo wa nyumba chache. Vilevile mtumishi apewe taarifa mapema. Safari inayotangazwa Ijumaa ili mtu aondoke Jumapili ni dalili ya mipango mibovu, na gharama ya mipango hiyo hulipwa na watoto.

Nne, haki zilizomo katika sheria zitumike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inampa baba siku zisizopungua 3 zenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Na inampa kila mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Siku tatu za baba ni chache, lakini wapo akina baba ambao hata hizo hawazichukui. Na wapo wengi wanaoitumia likizo ya mwaka kufanya kazi za ushauri za mifukoni mwao. Likizo iliyouzwa si likizo.

Tano, walimu watusaidie. Mwalimu wa darasa ndiye anayeona mapema kwamba mtoto amebadilika. Ajue ni mzazi yupi yuko mbali, na asimwite mzazi siku ya makosa tu. Nasi wazazi tusione haya kumpigia mwalimu simu kutoka ugenini na kumwuliza mtoto anaendeleaje. Kama tunaweza kuzungumza na mratibu wa warsha mara tatu kwa siku juu ya chai ya washiriki, tutakosaje dakika tano za mwalimu wa mtoto wetu?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mtaalamu wa safari methali hii ina maana mpya. Asifurahi kupokewa kwa kuku na kukaliwa kwa adabu, maana hizo ni heshima za mgeni. Tena siku ya tatu asingoje mke au mume amletee daftari mezani. Alichukue jembe mwenyewe: aende mkutano wa wazazi, amwogeshe mdogo, atie sahihi ripoti baada ya kuisoma, akae kimya mpaka mtoto aseme lile alilomtunzia. Taifa litaendelea kumhitaji, na ndege zitaendelea kuruka. Lakini mtoto wa miaka kumi ana mwaka mmoja tu wa kuwa na miaka kumi, na hakuna hadidu za rejea zitakazomrudisha huko.